Kabla ya Kujenga Majini: Data za Sakafu ya Bahari na Ziwa Zinavyomhusu Mwananchi wa Kilimanjaro

Hadi miaka michache iliyopita, mzigo uliotoka ng'ambo kwenda Moshi au Arusha kupitia Tanga ulikuwa ukishushwa mara mbili. Meli ilitia nanga zaidi ya kilomita moja kutoka gatini, mzigo ukahamishiwa kwenye matishari, kisha matishari yakaufikisha nchi kavu. Sababu ilikuwa moja: karibu na gati maji yalikuwa na kina cha takribani mita 3. Serikali, kupitia Mamlaka ya Usimamizi wa Bandari Tanzania (TPA), iliwekeza Shilingi bilioni 429.1 katika maboresho ya bandari hiyo, yakiwemo kuongeza kina hadi mita 13 na kujenga magati yenye urefu wa mita 450, na leo meli inafunga gatini. Wananchi wengi waliona picha za mitambo ya kuchimba na za meli ya kwanza kufunga kamba. Kazi iliyotangulia haikupigwa picha wala kukatiwa utepe, nayo ni kupima sakafu ya bahari na kujua kilichoko chini yake.

Kazi hiyo ndiyo inayodaiwa kabla ya kila mradi mkubwa wa majini. Inadaiwa kwa visima vya gesi asilia vya bahari kuu, kwa gati la kupakilia mafuta ghafi la Chongoleani mkoani Tanga, kwa nyaya za umeme zinazovuka kwenda Unguja na Pemba, na kwa nyaya za mawasiliano zinazoileta intaneti nchini. Mara kwa mara husikika malalamiko kwamba masharti ya data yanachelewesha uwekezaji. Malalamiko hayo yana chembe ya ukweli, kwa kuwa upimaji huchukua miezi na wakati mwingine miaka. Lakini yanaficha jambo ambalo mwananchi anapaswa kulifahamu: uamuzi wa kweli kuhusu mradi wa majini hufanyika ndani ya jalada la data, muda mrefu kabla ya uzinduzi. Humo ndimo inapoamuliwa bomba lipite wapi, nani ahame, samaki gani aachwe na maji kiasi gani yachotwe. Anayesubiri siku ya jiwe la msingi ndipo aulize maswali amechelewa.

Kwa wakazi wa Mkoa wa Kilimanjaro suala hili laweza kuonekana kuwa la watu wa pwani. Mfano wake wa karibu kabisa, hata hivyo, uko Wilaya ya Rombo, katika ukanda wa chini wa wilaya hiyo yenye makao makuu Mkuu. Ni Ziwa Chala.

Rombo ni wilaya iliyoko ubavuni mwa mlima mrefu kuliko yote Afrika, lakini haina mito ya kudumu. Wananchi wake wametegemea kwa miaka mingi mabomba yanayoteremsha maji ya chemchemi kutoka msituni, visima na maji ya mvua. Ndiyo maana wazo la kuyatumia maji ya Ziwa Chala limekuwa likirudi mara kwa mara, bungeni na katika vikao vya wilaya. Ziwa hilo ni kasoko ya volkano iliyojaa maji, lenye eneo la takribani kilomita za mraba 4.2 na kina kinachozidi mita 90. Mpaka wa Tanzania na Kenya unapita katikati yake. Halina mto unaoingia wala unaotoka. Sehemu kubwa ya maji yake huletwa chini ya ardhi kutokana na mvua inayonyesha kwenye misitu ya Kilimanjaro, kisha mengine hupotea kwa mvuke na mengine huvuja tena ardhini kuelekea maeneo ya chini.

Anayesimama ukingoni na kutazama maji yale ya buluu anaona hazina isiyokwisha. Hesabu ndogo inatosha kumrudisha kwenye hali halisi. Mita moja ya maji katika ziwa lenye eneo hilo ni sawa na mita za ujazo milioni 4.2. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 260,963 Rombo. Iwapo kila mmoja wao angepewa lita 50 kwa siku kutoka ziwani, matumizi ya mwaka mmoja yangefikia takribani mita za ujazo milioni 4.8, yaani zaidi kidogo ya mita moja ya kina cha ziwa. Huu ni mfano wa hesabu tu, wala si usanifu wa mradi wowote, kwa kuwa si kila mkazi angehudumiwa na chanzo hicho kimoja. Unaonesha, hata hivyo, swali lenyewe liko wapi. Kujua ujazo wa ziwa hakutoshi. Lazima ijulikane ni maji kiasi gani yanayoingia kila mwaka, na katika miaka ya ukame mkali ziwa lilishuka hadi wapi.

Jibu la swali la mwisho limeandikwa kwenye sakafu ya ziwa, na bahati nzuri limekwisha kuanza kusomwa. Tangu miaka ya 2000 watafiti wa kimataifa, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Ghent cha Ubelgiji, wamepima umbo la sakafu ya Ziwa Chala kwa mawimbi ya sauti na kuchukua vipande virefu vya mashapo, yaani tope na vumbi lililotulia chini tabaka juu ya tabaka. Mwaka 2016 mradi uitwao DeepCHALLA ulichoronga zaidi ya mita 214 ndani ya mashapo hayo na kupata kumbukumbu ya takribani miaka 250,000. Mawimbi ya sauti yalionesha pia mahali ambapo mashapo yalikatika au kujipanga upya nyakati ambazo maji yalikuwa chini kuliko leo. Kwa mwanasayansi wa tabianchi hiyo ni historia ya mvua za Afrika Mashariki. Kwa mhandisi wa maji ni jambo la kawaida zaidi: bomba la kuchotea liwekwe kina gani ili lisibaki hewani ukame wa namna hiyo ukirudi.

Hapa kuna jambo linalostahili kusemwa wazi. Data hizo hazikukusanywa kwa ajili ya mradi wa maji. Zilikusanywa kujibu maswali ya wanasayansi, zikachapishwa katika majarida ambayo ofisi nyingi za wilaya hazina sababu ya kuyafuatilia. Watafiti wa kutoka nje hufanya kazi nchini kwa vibali vinavyotolewa kupitia Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), na rasilimali za maji za eneo hilo ziko chini ya Bodi ya Maji Bonde la Pangani yenye makao yake Moshi. Iwapo mradi mkubwa wa kuchota maji ya Chala utasanifiwa, itakuwa ni upotevu wa fedha za umma kupima upya kilichokwisha kupimwa, na itakuwa hatari zaidi kusanifu kana kwamba hakuna kilichopimwa. Ziwa lina samaki wa jamii ya perege ambaye asili yake ni humo tu, na ambaye tayari yuko katika hatari kubwa ya kutoweka. Lina pia jirani. Tanzania na Kenya zilitia saini makubaliano ya kusimamia kwa pamoja mfumo wa ikolojia wa Ziwa Chala, Ziwa Jipe na Mto Umba mwaka 2013, hivyo tarakimu zitakazowekwa mezani lazima ziwe zile ambazo pande zote mbili zinaweza kuzikubali.

Namna sakafu inavyopimwa haina uchawi wowote. Chombo kilichofungwa chini ya boti hutoa sauti, sauti ikagonga sakafu na kurudi, na kwa kuwa sauti husafiri majini kwa kasi ya takribani mita 1,500 kwa sekunde, muda wa mwangwi hugeuzwa kuwa kina. Vyombo vya kisasa hutuma mamia ya miale kwa mara moja na kuchora ukanda mpana badala ya nukta moja. Sauti nzito zaidi hupenya ndani ya tope na kuonesha matabaka. Kifaa cha kupima usumaku hutafuta vyuma vilivyozama, na katika pwani yetu hilo si jambo la kubuni. Manowari ya Kiingereza Pegasus ilizamishwa Unguja Septemba 1914, na ya Kijerumani Königsberg iliishia katika delta ya Mto Rufiji Julai 1915. (Mizinga yake iliokolewa ikatumika nchi kavu. Mmoja ulipigana Kahe, kusini mwa Moshi, Machi 1916.) Mwishowe huchukuliwa sampuli za udongo ili kujua kama sakafu inaweza kubeba nguzo, gati au bomba bila kuzama.

Jambo linalowapita wengi ni kiwango cha usahihi. Shirika la Kimataifa la Hidrografia limeweka madaraja ya upimaji, na daraja hubadilika kulingana na matumizi. Katika mlango wa bandari ambako meli hupita ikiwa na nafasi ndogo chini ya tumbo lake, daraja maalumu linaruhusu kosa la takribani sentimita 27 tu katika kina cha mita 13. Katika bahari kuu yenye kina cha mita 2,500, daraja la chini linaruhusu kosa la hadi mita 57 hivi, kwa sababu meli inayopita juu haina haja ya kujua zaidi. Ramani hiyo ya pili inamfaa nahodha, lakini haimfai mtu anayetaka kulaza bomba. Kwa hiyo taasisi ya Serikali inapomwambia mwekezaji kwamba ramani iliyopo haitoshi, haimkwamishi. Inamwambia kwamba ramani hiyo ilichorwa kwa kazi nyingine. Umri wa data nao ni muhimu. Mchanga wa midomo ya mito na wa milango ya bandari huhama kila msimu, na kipimo kilichochukuliwa bila kusawazishwa na kujaa na kupwa kwa maji, ambako Tanga wakati wa bamvua hupishana kwa zaidi ya mita 3, hakina thamani.

Kutoka mlimani hadi baharini njia ni moja, nayo ni Mto Pangani. Maji ya Kilimanjaro na Meru hukutana katika bwawa la Nyumba ya Mungu, hupita Korogwe na mitambo ya umeme ya Hale na Pangani, na kuingia Bahari ya Hindi katika mji wa Pangani baada ya safari ya takribani kilomita 500. Tope linaloporomoka shambani Uru au Same sehemu yake hunaswa bwawani na sehemu yake hufika pwani, ambako hujenga au hufunika matumbawe. Maji yanayochotwa juu hupunguza nguvu ya mto kuisukuma bahari, na wakazi wa Pangani wanafahamu maana yake, kwani maji ya chumvi hupanda mtoni na kufika mashambani. Mtaalamu anayepima sakafu ya bahari kaskazini mwa Tanga bila kuuliza kuhusu mto huo amepima nusu ya tatizo.

Ukanda huo huo unabeba mzigo mkubwa wa miradi kuliko ilivyokuwa wakati wowote katika historia yake. Bandari ya Tanga imepanuliwa. Tangu mwaka 2010 waya wa umeme wa chini ya bahari unaunganisha Tanga na Pemba. Bomba la mafuta ghafi la Afrika Mashariki, lenye urefu wa kilomita 1,443 kutoka Hoima nchini Uganda, linaishia Chongoleani, ambako gati la takribani kilomita 2 linaingia baharini ili meli kubwa zipakie. Na chini ya maji hayo hayo anaishi silikanti, samaki ambaye wanasayansi walidhani ametoweka pamoja na mijusi wakubwa wa kale hadi alipopatikana Afrika Kusini mwaka 1938. Nchini alianza kuonekana mwaka 2003, na wavuvi wa Tanga walipoanza kumkuta mara kwa mara katika majarife yao ya papa, ilibainika kwamba miteremko yenye mapango nje ya pwani hiyo ni makazi yake. Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga ilitangazwa mwaka 2009.

Tukio hilo lina funzo kwa wapimaji. Hakuna meli ya utafiti iliyotangulia kumpata silikanti wa Tanga, walimpata wavuvi. Elimu ya mvuvi kuhusu mwamba upi una pango, mkondo upi hubadilika wakati wa kusi na samaki gani hutagia wapi ni data, ingawa haijaandikwa kwa tarakimu. Mpimaji makini huanza bandarini kwa kuongea na Vikundi vya Usimamizi Shirikishi wa Rasilimali za Uvuvi, ndipo anapopanga mistari ya boti yake.

Kusini, katika bahari ya Lindi na Mtwara, hali ni ya ukubwa mwingine. Kati ya futi za ujazo trilioni 57.54 za gesi asilia zilizogunduliwa nchini, trilioni 47.13 ziko katika maji ya kina kirefu. Kisima cha Zafarani, kilichotangaza ugunduzi wa kwanza katika Kitalu Namba 2 mwaka 2012, kiko mahali penye maji ya kina cha zaidi ya mita 2,500, takribani kilomita 100 kutoka ufukweni. Kwa mkazi wa Marangu kipimo hicho ni rahisi kukifikiria: ni pungufu kidogo ya tofauti ya mwinuko kati ya lango la Marangu na kituo cha Kibo. Bomba la kuleta gesi nchi kavu litalazimika kupanda mlima wa namna hiyo, gizani, kwenye mteremko uliokatwa na makorongo, na bila kuinama wala kuning'inia mahali popote kwa urefu ambao chuma hakiwezi kuuhimili.

Mteremko huo si tulivu. Agosti 12, 2020 tetemeko lenye ukubwa wa takribani 6 lilitokea baharini na kuwatoa watu majumbani hadi Dar es Salaam. Mwaka huohuo watafiti walichapisha katika jarida la Nature Communications ushahidi wa poromoko kubwa la chini ya bahari karibu na Mafia, lenye ujazo wa zaidi ya kilomita za ujazo 2,500, lililotokea zaidi ya miaka milioni 20 iliyopita. Ni la kale mno kuweza kuwa tishio lenyewe. Umuhimu wake uko katika namna lilivyogunduliwa. Watafiti hawakwenda kulitafuta kwa meli yao. Walisoma data za mitetemo zilizokuwa zimekusanywa na sekta ya mafuta na gesi. Data iliyolipiwa kwa ajili ya gesi ilifumbua jambo kuhusu usalama wa mteremko wa bara zima. Kama ingekuwa imefungiwa katika kabati la kampuni, isingetoa faida hiyo.

Swali linalofuata, basi, ni la umiliki. Sheria ya Petroli ya mwaka 2015 inazitambua data zinazotokana na utafutaji kuwa mali ya Serikali, hata pale gharama inapokuwa imelipwa na mwekezaji. Mamlaka ya Udhibiti Mkondo wa Juu wa Petroli (PURA) ndiyo inayozihifadhi na kuzisimamia kwa niaba ya Taifa, huku Zanzibar ikiwa na sheria na mamlaka yake. Msingi wa utaratibu huo si uzalendo mtupu. Chini ya mikataba ya ugawanaji mapato, mwekezaji hurejeshewa gharama zake za utafutaji kutoka katika gesi itakayozalishwa, na upimaji wa sakafu ya bahari ni sehemu ya gharama hizo. Kwa maneno mengine, mwananchi huzilipia data hizo, ila malipo yake huchelewa. Ukaguzi wa gharama unaofanywa na PURA unahusu pia kama kipimo kilichodaiwa kufanyika kilifanyika kweli na kwa kiwango kilichokubaliwa.

Zipo faida nyingine za kumiliki data ambazo hazina uhusiano na gesi. Mnamo Januari 18, 2012 Tanzania iliwasilisha Umoja wa Mataifa andiko lake la kuongeza eneo la kitako cha bara nje ya maili 200 za baharini. Mkataba wa Sheria ya Bahari hautoi eneo hilo kwa nchi inayolitamani. Hulitoa kwa nchi inayoonesha, kwa vipimo vya kina na vya unene wa mashapo, kwamba ardhi yake inaendelea hadi huko.

Lakini kuna kazi iliyobaki, na haifai kuipita kimya. Data za bahari ya Tanzania zimegawanyika. Za petroli ziko PURA na Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania (TPDC). Za bandari ziko TPA. Za upimaji majini na ramani ziko wizara yenye dhamana ya ardhi. Za samaki ziko Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi (TAFIRI). Za sayansi ya bahari ziko vyuoni. Na ripoti za Tathmini ya Athari kwa Mazingira ziko Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC). Kila taasisi inatekeleza wajibu wake wa kisheria, na bado mradi mmoja unaweza kupima tena mahali ambapo mradi mwingine ulipima miaka mitatu kabla. Pia ni busara kutenganisha aina mbili za data. Zinazoonesha gesi iko wapi zina thamani ya kibiashara, na usiri wake kwa muda unaeleweka. Zinazoonesha matumbawe, mazalia ya samaki, mikondo na uimara wa mteremko hazimpi mshindani faida yoyote, na hakuna sababu nzito ya kuzifungia pamoja na zile za kwanza.

Gharama ya kutojua huonekana siku mambo yanapoharibika. Mei 12, 2024 nyaya mbili za mawasiliano, EASSy na SEACOM, zilikatika katika eneo la kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na intaneti ikadorora nchini kote. Kuanzia ofisi za Dar es Salaam hadi mawakala wa fedha wa Himo na Mkuu. Duniani kote nyaya hizo hupata hitilafu kati ya 150 na 200 kila mwaka, nyingi zikisababishwa na nanga na nyavu. Njia ya waya ikichaguliwa kwa ramani nzuri ya sakafu na ya maeneo ya uvuvi, uwezekano wa hitilafu hupungua, ingawa haumaliziki.

Kwa mwananchi aliye jirani na mradi, data yenye thamani kuliko zote ni ile ya hali ilivyokuwa kabla. Meli ya mitetemo inapopita ikivuta nyaya zenye urefu wa kilomita kadhaa, wavuvi hutakiwa kupisha kwa siku au wiki. Wakidai baadaye kwamba mavuno yamepungua, swali la kwanza watakaloulizwa ni yalikuwa kiasi gani awali. Kikundi chenye daftari la mavuno ya kila siku kitajibu, na kisichokuwa nalo kitabaki na malalamiko tu, hata kama ni ya kweli. Mkulima anayetegemea chemchemi za maeneo ya chini ya Ziwa Chala yuko katika nafasi hiyo hiyo. Bila kumbukumbu ya mtiririko wa chemchemi kabla ya pampu kuwashwa, hakuna atakayeweza kusema kama ni pampu au ni ukame.

Milango ya kupata taarifa hizo ipo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inautaka mradi mkubwa ufanyiwe tathmini kabla ya kuanza na wananchi washirikishwe, na inampa kila mtu haki ya kupata taarifa za mazingira. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inaitaka taasisi iliyoombwa taarifa kujibu ndani ya siku 30. Katika vikao vya ushirikishwaji, ambavyo kwa kawaida huhudhuriwa zaidi na watu wanaouliza kuhusu ajira na fidia ya mimea, maswali ya manufaa zaidi ni machache na mepesi: kipimo kilichukuliwa lini, kwa msimu gani, kwa kiwango gani cha usahihi, nani aliyelipia na nakala yake iko ofisi gani. Kwa Rombo nakala hizo zinapaswa kupatikana Bodi ya Maji Bonde la Pangani mjini Moshi na katika ofisi ya mkurugenzi wa halmashauri, Mkuu.